Graeme Smith: kilichomfaa uwanjani hakikumtosha ofisini

Tarehe 3 Machi 2003, Durban, mvua ikiwa imeshaanza, Mark Boucher wa Afrika Kusini aliupiga mpira wa Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka ukavuka mpaka moja kwa moja, mikimbio 6 safi, na Afrika Kusini ikafika 229 kwa wiketi 6, yaani wapigaji 6 wameshatolewa. Ulibaki mpira mmoja wa ova ya 45 (ova moja ni mipira 6). Boucher akauzuia tu, hata hakujaribu kukimbia, kwa kuwa alikuwa ameletewa ujumbe kwamba 229 zinatosha. Hazikutosha. Kwa jedwali la Duckworth na Lewis, linalokokotoa lengo mvua inapokatiza mechi, 229 ilikuwa hesabu ya kulingana na Sri Lanka. Ushindi ulitaka 230. Mvua haikuruhusu mchezo kuendelea, wenyeji wakatolewa kwenye Kombe la Dunia la kriketi walilokuwa wakiliandaa wenyewe (lile ambalo Kenya ilifika nusu fainali), Shaun Pollock akavuliwa unahodha, na timu akakabidhiwa kijana wa miaka 22 mwenye mechi 8 tu za Testi, yaani zile ndefu za hadi siku tano kati ya mataifa.

Ndivyo Graeme Smith alivyopata kazi yake ya kwanza kubwa: kwa dharura, maji yakiwa shingoni, huku jina la Boucher likiwa kwenye tukio. Miaka 16 baadaye aliingia katika ofisi ya Cricket South Africa (CSA), chombo kinachosimamia kriketi nchini humo, kwa mlango uleule. Wengi humgawa Smith mara mbili, nahodha shujaa na kiongozi wa ofisi mwenye utata, kana kwamba ni watu wawili. Mimi naona mtu mmoja mwenye mbinu moja: amua haraka, simama mbele, fanya kazi na unaowaamini. Kilichobadilika ni mahali alipoitumia.

Tuanze na gongo lenyewe. Smith hakuwa mpigaji wa kupendeza macho. Mashoto, mrefu, mzito, mkono wa chini umeukaba mpini, uso wa gongo umefungwa. Mpira ambao mwingine angeupiga kuelekea mbele, yeye aliuvuta kuupeleka upande wa miguu. Faida yake ni kwamba mrushaji hakujua aurushe wapi. Akilenga vijiti anaadhibiwa, akienda nje anavutwa vilevile. Hasara ni kwamba anayepiga kwa kukatiza mstari wa mpira, akiukosa kwa upana wa kidole, mguu wake wa mbele unakutwa mbele ya wiketi naye anatolewa. Warushaji wa mkono wa kushoto, Zaheer Khan wa India akiwa kinara wao, walimtafuta hapo miaka yote.

Pamoja na ubaya huo wa mtindo, alimaliza na mikimbio 9,265 katika mechi 117 za Testi, wastani wa 48.25, akifikisha mia mara 27. Katika ziara yake ya kwanza Uingereza kama nahodha, mwaka 2003, alipiga 277 na 85 kule Edgbaston, kisha 259 kule Lord's na kuivuka 254 ya Don Bradman iliyokuwa rekodi ya mgeni uwanjani hapo tangu 1930. Mwaka 2008 huko Chittagong, yeye na Neil McKenzie walimaliza siku nzima ya kwanza Afrika Kusini ikiwa na 405 bila kupoteza wiketi, na kesho yake wakafikisha 415, rekodi ya dunia kwa wapigaji wawili wa kufungua.

Lakini takwimu inayomweleza Smith kuliko zote ni ndogo: mara 4 alifikisha mia katika awamu ya nne ya mechi ambazo timu yake ilishinda kwa kufukuza lengo. Awamu ya nne ndiyo mtihani wa mpigaji wa kufungua. Uwanja umechimbika kwa siku nne, mpira unaruka au unalala bila taarifa, na kila mtu anajua ni mikimbio mingapi inatakiwa. Wellington 2004 alipiga 125 bila kutolewa. Edgbaston 2008, lengo 281, alibaki na 154 mkononi na Afrika Kusini ikashinda mfululizo Uingereza kwa mara ya kwanza tangu 1965. Perth, Desemba 2008, lengo 414, alipiga 108 na wakafika kwa hasara ya wiketi 4 tu. Cape Town 2011, katika mechi ambayo Australia ilitolewa kwa 47, akapiga 101. Manahodha watatu wa Uingereza, Nasser Hussain, Michael Vaughan na Andrew Strauss, waliachia ngazi ama katikati ya mfululizo dhidi yake ama mara tu baada yake: 2003, 2008, 2012. Mkasa huo haujirudii mara tatu kwa bahati.

Halafu kuna Sydney, tarehe 7 Januari 2009. Mfululizo Afrika Kusini walikuwa wameshaushinda, wa kwanza katika historia yao kwenye ardhi ya Australia. Smith alikuwa na mfupa uliovunjika mkono wa kushoto, kazi ya mrushaji wa Australia, Mitchell Johnson, katika awamu ya kwanza. Wiketi ya tisa ilipoanguka zilibaki ova 8 na mipira 2, yaani mipira 50, ili mechi iishe sare. Akatoka akiwa wa kumi na moja. Kwa mashoto, mkono wa kushoto ndio wa chini, ndio unaopokea mtikisiko wa mpira. Kila alipouzuia mpira, kiganja cha chini kilikuwa kikiachia mpini. Makhaya Ntini, ambaye hakuna aliyewahi kumwajiri kwa upigaji wake, alikuwa upande wa pili. Smith alipokea mipira 17, na ilipobaki 10 Johnson akaupenyeza mmoja hadi kwenye vijiti. Walipoteza mechi. Mashabiki wa Australia walisimama kumpigia makofi.

Ninakaa hapo Sydney kwa sababu ndipo sifa yake yote ya uongozi ilipojengwa. Nahodha wa kriketi ana mamlaka ambayo nahodha wa soka hana: anapanga walinzi, anachagua nani arushe na kwa ova ngapi, anaamua lini kufunga awamu. Uamuzi unachukua sekunde 30 na jibu linakuja baada ya mpira mmoja. Hakuna anayeuliza kwa nini uliamua hivyo, ilimradi wiketi imeanguka. Smith aliishi humo kwa mechi 109, 108 za nchi yake na moja ya kikosi cha dunia cha ICC, shirikisho la kriketi duniani, na kushinda 53, zote mbili zikiwa rekodi. Kwenye Kombe la Dunia mbinu hiyo haikumzalia kitu; 2007 walitolewa kwa 149 katika nusu fainali dhidi ya Australia, na 2011 kule Mirpur walishindwa kuifukuza 221 ya New Zealand. Unahodha wa mechi za ova 50 ukaenda kwa AB de Villiers. Machi 2014, akiwa na miaka 33 na katikati ya mechi dhidi ya Australia pale Newlands, akatangaza kwamba basi.

Sasa ofisini. Kufikia mwisho wa 2019 CSA ilikuwa nyumba inayowaka. Mtendaji mkuu Thabang Moroe alisimamishwa tarehe 6 Desemba. Siku hiyohiyo benki iliyodhamini timu ya Testi ikatangaza kuwa haitaongeza mkataba. Waandishi 5 wa habari walikuwa wamenyang'anywa vibali vya kuingia viwanjani, jambo ambalo hata shirika lililofilisika akili hulikwepa. Smith mwenyewe alikuwa amejitoa mwezi Novemba kwenye kinyang'anyiro cha ukurugenzi wa kriketi, akisema hana uhakika kama angepewa uhuru wa kufanya kazi. Moroe alipoondolewa na Jacques Faul akashika nafasi kwa muda, Smith akakubali. Hiyo ilikuwa tarehe 11 Desemba. Uingereza walikuwa wanaanza mfululizo Centurion tarehe 26.

Siku 15, basi. Hakukuwa na kocha mkuu. Tarehe 14 Smith akamtangaza Mark Boucher, mchezaji mwenzake wa miaka 10, kwa mkataba wa hadi Kombe la Dunia la 2023. Enoch Nkwe, aliyekuwa ameiongoza timu kwa muda katika ziara ya India, akawa msaidizi. Jacques Kallis akaja kuwanoa wapigaji, Charl Langeveldt warushaji. Kwa macho ya nahodha, huu ulikuwa mpango mzuri wa walinzi. Afrika Kusini ikashinda mechi ya kwanza kwa mikimbio 107, kisha ikapoteza tatu zilizofuata.

Tatizo halikuwa kwamba Boucher hakustahili. Alikuwa amechukua makombe 5 akiwa kocha wa timu ya Titans. Lakini Nkwe naye, katika msimu mmoja wa 2018/19, alikuwa amenyakua makombe 3, na alikuwa na cheti cha ukocha cha ngazi ya 4 wakati Boucher alikuwa na cha ngazi ya 2. Ukiwa na watu wawili wa namna hiyo, mmoja mweupe na ni rafiki yako, mwingine mweusi na ndiye anayeshushwa, katika nchi ambayo kriketi ilikuwa ya Weupe kisheria na kimazoea kwa vizazi, huwezi kuamua kwa kasi ya slipu, mlinzi anayedaka nyuma ya mpigaji. Unahitaji jalada. Jalada la ajira ya aina hiyo si kubwa: sifa za kazi zilizoandikwa kabla ya majina kutajwa, orodha ya walioshindanishwa, jopo la watu wasiopungua watatu ambao si wote wamewahi kuvaa kofia ya taifa pamoja, alama za kila mmoja, na tamko la maandishi kwamba mwenye kuajiri na mwenye kuajiriwa ni marafiki. Kama muda hautoshi, kuna njia iliyo rahisi zaidi: mteue kocha wa mfululizo mmoja, mechi 4, halafu tangaza nafasi Februari. Kumpa mtu karibu miaka minne ndani ya siku tatu ni uamuzi wa dharura wenye matokeo ya kudumu, na hapo ndipo Smith alipojifunga.

Bili ilikuja 2021. Julai mwaka huo wakili Dumisa Ntsebeza alianza kusikiliza ushahidi katika mchakato wa haki ya kijamii na ujenzi wa taifa, uliofahamika kwa kifupi kama SJN. Wachezaji wa zamani walieleza waliyoyapitia katika vyumba vya kubadilishia nguo vya timu ya taifa, na ni mambo ya aibu. Boucher aliomba radhi kwa sehemu yake. Agosti Nkwe akajiuzulu, akieleza wasiwasi kuhusu mwenendo na utamaduni ndani ya timu. Desemba ripoti ya kurasa 235 ikatoka, ikiwataja Smith, Boucher na de Villiers, ingawa Ntsebeza aliita matokeo yake ya awali tu. Ripoti ya awali inayotaja majina ni chombo kibaya: inachafua bila kuhukumu. CSA ikalazimika kupeleka suala la Smith kwa wasuluhishi wawili wa kisheria, Ngwako Maenetje na Michael Bishop.

Maswali yalikuwa matatu. Je, Smith alimbagua Thami Tsolekile kati ya 2012 na 2014? Tsolekile alikuwa na mkataba wa taifa kama kipa wa akiba. Boucher, aliyekuwa kipa wa kwanza, alipoumia jicho kule Taunton, Uingereza, Julai 2012, glovu akapewa de Villiers. Hoja ya kimchezo inaeleweka: kipa anayepiga kama de Villiers anafungua nafasi ya mpigaji wa saba, na timu ile ilitoka Uingereza ikiwa namba moja duniani. Kinachobaki bila hoja ya kimchezo ni mwanamume aliyesubiri na hakuitwa. Swali la pili, je, alikuwa na ubaguzi dhidi ya viongozi Weusi wa CSA? La tatu, je, kumteua Boucher badala ya Nkwe kulikuwa kwa sababu ya rangi? Aprili 2022 wasuluhishi walijibu hapana mara tatu, na CSA ikaamriwa kulipa gharama zake. Mwezi uliofuata mashtaka dhidi ya Boucher yakafutwa.

Hukumu hiyo ilisafisha jina lake, wala sioni sababu ya kuipinga. Haikukata mzizi wa fitina, kwa sababu swali la wasuluhishi lilikuwa kama kulikuwa na ubaguzi, wakati swali la kiutawala ni kama utaratibu ulikuwa wa kumlinda yeye, Boucher na Nkwe kwa pamoja. Mkataba wa Smith ulikuwa umekwisha Machi. Hakuomba tena. Julai 2022 kiti chake kikakaliwa na Enoch Nkwe.

Haki yake apewe pia. Miaka ile miwili ilikuwa ya korona: Uingereza waliondoka Desemba 2020 kabla ya mechi za ova 50 kuchezwa, Australia wakakataa kuja mapema 2021, na bodi nzima ya CSA ilianguka ikabidi waziri wa michezo aingilie kati. Katikati ya hayo India walikuja Desemba 2021 licha ya kirusi cha omikroni, ziara ambayo haki zake za televisheni ndizo huilisha CSA, na Afrika Kusini ikashinda mechi za Testi 2 kwa 1. Ligi ya ndani nayo ilibadilishwa: timu 6 za kanda zikavunjwa, zikarudi timu 15 za mikoa katika madaraja mawili, 8 juu na 7 chini, zikipanda na kushuka. Daraja la juu lilipewa mikataba 16 kwa kila timu, la chini 11. Jumla 205. Ukitaka kujua kwa nini wachezaji wengi wa kati walitafuta kazi nyingine mwaka ule, anza na namba hiyo.

Kisha akapata kazi inayomfaa kama glovu. Julai 2022 aliteuliwa kamishna wa SA20, ligi mpya ya ova 20. Kabla yake kulikuwa na jaribio la 2017 lililokufa kabla ya mpira kurushwa, na jingine la misimu miwili, 2018 na 2019, lililokosa fedha za maana za televisheni. Safari hii timu zote 6 ziliuzwa kwa wenye timu za ligi kuu ya India. Kila kikosi wachezaji 17, bajeti ya mishahara randi milioni 34. Katika mnada wa Septemba 2022, Tristan Stubbs alinunuliwa kwa randi milioni 9.2, zaidi ya robo ya mfuko mzima wa timu. Temba Bavuma, nahodha wa taifa wa ova 20 wakati huo, hakupata mnunuzi.

Ligi ya namna hii haihitaji mkurugenzi wa kusawazisha masilahi kumi. Ina lengo moja, viwanja vijae na picha iuzwe India. Mechi ikianza saa 11:30 jioni Afrika Kusini, India ni saa 3:00 usiku. Januari ni jioni za joto. Kila timu inacheza mara 10, jumla mechi 30, kisha za mtoano, yote ndani ya takriban wiki nne, huku ligi za Australia na Falme za Kiarabu zikigombea wachezaji walewale. Hapo uamuzi wa sekunde 30 ni mali. Viwanja vilijaa tangu msimu wa kwanza.

Ila Januari haiongezeki siku. Ili kulisafisha dirisha hilo, CSA ilijitoa katika mechi 3 za ova 50 nchini Australia mwanzoni mwa 2023 na kupoteza pointi 30 za kufuzu Kombe la Dunia. Ikabidi iwafukuzie Uingereza na Uholanzi pointi za kuziba pengo, na tiketi ya moja kwa moja ilipatikana Mei pale mvua ilipovuruga mechi ya Ireland na Bangladesh huko Chelmsford. Mvua, tena. Februari 2024 haikusaidia: wachezaji wakuu wakiwa wamefungwa na mikataba ya SA20, kikosi kilichokwenda New Zealand kiliongozwa na Neil Brand, ambaye mechi yake ya kwanza ya Testi ndiyo pia ilikuwa ya kwanza kama nahodha. Walipoteza kwa mikimbio 281, kisha kwa wiketi 7. Kabla ya hapo New Zealand haikuwahi kuishinda Afrika Kusini katika mfululizo wa Testi tangu waanze kukutana mwaka 1932.

Wanaoitetea ligi husema fedha zake ndizo zinazoiweka Testi hai, na wana ushahidi: Juni 2025 Lord's, Afrika Kusini ikifukuza 282 dhidi ya Australia, Aiden Markram alipiga 136 na ubingwa wa dunia wa Testi ukapatikana. Upande wa pili wa Markram alikuwa Bavuma, msuli wa paja umekaza, akichechemea hadi 66. Yule ambaye mnada ulimpita. Mkurugenzi wa kriketi akiwa Nkwe.

Mabingwa hao hawakupangiwa mechi hata moja ya Testi nyumbani katika msimu uliofuata. Viwanja vilikuwa vinakarabatiwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2027, na kwa kuwa Kombe la Dunia la ova 20 lilikuwa Februari, SA20 ilisogezwa mbele. Tarehe 26 Desemba, siku ambayo kwa desturi ni ya Testi, ligi ilifunguliwa Newlands, uwanja ambako Smith alicheza Testi yake ya kwanza mwaka 2002 na ya mwisho mwaka 2014.